Albert wa Kwanza, mfalme aliyekata mipaka ya parki yetu

Katika mkutano mmoja wa sendika yetu, mama mmoja alisimama kule nyuma. Bwana yake anachimbaka mawe, na yeye mwenyewe anauzaka makala kando ya barabara ya Rutshuru. Aliuliza hivi: ile mipaka ya parki, aliyeiweka ni nani, na siku ile alimuuliza nani? Wanaume wengine walicheka. Mimi sikucheka, juu sikuwa na jibu. Nimekuwa mwanasendika miaka mingi, naweza kuwaelezea kodi ya mine na mkataba wa kazi, lakini swali la yule mama lilinishinda.

Kisha nikaenda kusoma na kuuliza wazee. Jibu liko na jina la mtu. Ndiyo maana leo nawaletea maisha ya huyo mtu. Amekufa zamani sana, lakini mkono wake ungali juu ya maisha yetu.

Wazee wetu hawasemaka Virunga, wanasemaka Parki Albert. Watu wengi wanafikiria huyu Albert ni yule wa Ziwa Albert kule Ituri. Hapana. Yule wa ziwa alikuwa bwana wa malkia Victoria wa Uingereza. Albert wetu alikuwa mfalme wa Wabelgiji, Albert wa Kwanza. Kalemie iliitwa Albertville kwa jina lake, na Lubumbashi iliitwa Élisabethville kwa jina la mke wake.

Kijana asiyengojewa kiti

Albert alizaliwa Bruseli tarehe 8 Aprili 1875. Baba yake alikuwa mdogo wa mfalme Leopold II, yule aliyejifanyia Kongo kuwa mali yake mwenyewe. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba mtoto huyu atakuwa mfalme. Mbele yake walikuwa baba yake na kaka yake Baudouin. Lakini Leopold alikuwa amepoteza mtoto wake mwanaume wa pekee, na katika Januari 1891 Baudouin naye akafa akiwa kijana. Baba yao akafa mwaka 1905. Basi kiti kikabaki kumngojea Albert.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye haya, asiyeona mbali bila miwani. Alipenda mashini, vitabu na milima. Kupanda majabali kwa kamba ilikuwa furaha yake kubwa mpaka siku ya mwisho. Mwaka 1900 alioa Élisabeth wa Bavaria, na wakazaa watoto watatu.

Mwaka 1909, mbele ya kupata kiti, alifanya kitu ambacho mjomba wake Leopold hakukifanya hata siku moja: alikuja Kongo. Leopold alikula kaucu ya nchi hii miaka zaidi ya 20 bila kukanyaga udongo wake. Albert alishuka kwa meli huko kusini mwa Afrika, akapanda treni mpaka karibu na Katanga, kiisha akavuka nchi kwa miguu na kwa mto mpaka Boma. Wakati ule Kongo ilikuwa imetoka katika mikono ya Leopold na kuingia katika mikono ya serikali ya Ubelgiji, tangu Novemba 1908. Union Minière ilikuwa bado mtoto wa miaka mitatu. Albert aliona wabeba mizigo, aliona vijiji vilivyochoka, na hakuyafumbia macho katika daftari zake za safari. Alirudi kwao akijua kwamba mambo ya Kongo hayakuwa sawa vile yalivyosimuliwa Bruseli.

Kalamu moja, karatasi mbili

Leopold alikufa tarehe 17 Desemba 1909. Albert aliapa tarehe 23 Desemba. Sasa ndugu wachimbaji, mufungue masikio. Siku nane kiisha kuapa, tarehe 31 Desemba 1909, ilitoka katika Ubelgiji sheria inayosema kwamba mchimbaji chini ya udongo asifanye kazi kupita saa 9 kwa siku. Hiyo ni kati ya sheria za kwanza za utawala wake. Haikuanguka kutoka mbinguni. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa kule walikuwa wamegoma na kupigwa miaka na miaka. Bunge likajadili, likapiga kura, na mfalme akatia sahihi.

Lakini kwa Kongo ilikuwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 1908 iliyopokea koloni ilisema kwamba mfalme anaweza kutunga sheria za Kongo kwa amri, na waziri wa makoloni akitia sahihi kando yake. Kulikuwa na baraza la kutoa shauri huko Bruseli, na ndani yake hamkuwa Mkongomani hata mmoja. Kalamu ilikuwa moja, lakini karatasi zilikuwa mbili: moja ya Wabelgiji, iliyopita kwanza mikononi mwa wajumbe wao, na moja yetu, iliyoshuka kutoka juu tu. Mukumbuke hiyo, juu ndiyo inaeleza mambo yote yanayofuata.

Vita vya 1914 vilimletea Albert sifa kubwa. Wadachi waliingia Ubelgiji, yeye akakataa kukimbia, akabaki na askari wake kando ya mto Yser miaka minne, katika kipande kidogo cha nchi kilichobaki. Watu wakamwita mfalme askari. Vita hivyo vilifika hata hapa kwetu. Mpaka kati ya Goma na Gisenyi ulikuwa mstari wa mapigano, na mwaka 1916 askari Wakongomani wa Force Publique walivuka, wakaenda mpaka Tabora, waliyoikamata tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma yao walikwenda wabeba mizigo kwa maelfu na maelfu. Wengi hawakurudi.

Kiisha vita, wafanyakazi wa Ubelgiji walipata malipo yao. Mwaka 1919 kila mwanaume alipata kura moja, tajiri na maskini sawasawa. Mwaka 1921 sheria ilihakikisha uhuru wa kujiunga na sendika, ikafuta kifungu kilichotumiwa kuadhibu wagomaji, na siku ya kazi ikawekwa saa 8. Na Mkongomani aliyebeba mizigo mpaka Tabora? Yeye alingoja mpaka 1946 ndipo sheria ikamruhusu kuwa na sendika, tena chini ya macho ya wakubwa. Mfalme alikuwa amekufa miaka 12.

Safari ya Amerika na gorila wa Mikeno

Mwaka 1919 Albert na Élisabeth walitembelea Marekani. Huko mfalme alipelekwa katika bonde la Yosemite, lenye majabali marefu na miti mikubwa, ndani ya parki ya taifa ambayo Wamarekani waliiweka mwaka 1890. Parki yao ya kwanza, Yellowstone, iliwekwa mwaka 1872. Mtu mpenda milima kama Albert alifurahi sana. Wanasayansi waliokuwa naye walizungumza naye juu ya kulinda pori namna hiyo katika Kongo. Ni lazima niseme pia jambo ambalo halisemwaka sana: katika bonde lile wenyeji wa kwanza walikuwa wamefukuzwa na watu wenye bunduki, zamani kabla ya parki. Mfano aliouona mfalme ulikuwa mfano wa pori lisilo na watu, kumbe watu walikuwa wameondolewa.

Hapo anaingia mtu wa pili, Carl Akeley. Huyu alikuwa Mmarekani, kazi yake kutengeneza wanyama waliokufa waonekane kama wazima, kwa jumba kubwa la makumbusho la New York. Mwaka 1921 alikuja kwenye volkano zetu, Mikeno na Karisimbi, akapata gorila watano kwa ajili ya jumba hilo. Lakini kazi hiyo ilimchoma moyo. Aliona kwamba wanyama hao ni wachache, na kama kila mzungu mwenye bunduki atakuja kuchukua wake, wataisha. Akarudi kwao akaanza kuandika na kubisha milango ya mabalozi wa Ubelgiji: ile milima ifungwe, pasiwindwe tena.

Maneno yake yalifika kwa mfalme aliyekuwa tayari kuyasikia. Tarehe 21 Aprili 1925 Albert alitia sahihi amri ya kufanya Parki ya Taifa Albert, kuzunguka volkano za Mikeno, Karisimbi na Visoke. Inahesabiwa kuwa parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Parki Kruger ya Afrika Kusini ilifuata mwaka 1926. Akeley mwenyewe alirudi mwaka ule wa 1926, akaugua njiani, akafa mwezi wa Novemba kule juu Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Alizikwa palepale.

Sheria ilivyokua kama moto wa pori

Amri ya 1925 haikuwa sheria ya kwanza juu ya wanyama. Tangu wakati wa Leopold kulikuwa na amri juu ya uwindaji wa tembo, na mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London kupatana juu ya wanyama wa Afrika. Lakini zile za zamani zilisema tu nani awinde, wakati gani na kwa ruhusa gani. Zilitaka pembe zisiishe upesi. Ile ya Albert ilileta wazo jipya: kipande cha udongo kizima kinafungwa, hakuna kuwinda, hakuna kukata mti, hakuna kulima, na mwenye kuingia ni mwenye ruhusa, zaidi watu wa sayansi.

Tarehe 9 Julai 1929 ikaja amri nyingine. Parki ikapanuliwa sana kuelekea nyanda za Rwindi na Rutshuru mpaka Ziwa Edward. Ikapewa pia uongozi wake wenyewe, na tume huko Bruseli yenye wataalamu wa Ubelgiji na wa nchi nyingine. Mwaka 1935, Albert akiwa kaburini, ikapanuliwa tena kaskazini, mpaka Semliki na milima ya Ruwenzori. Kutoka volkano tatu tukafika karibu kilometa 8000 za mraba.

Sasa ndipo penye swali la yule mama. Katika volkano za juu, watu wa kulima walikuwa wachache. Lakini kule nyanda na kando ya ziwa walikuwepo watu: wachungaji, wavuvi, wakulima, wawindaji, na makaburi ya mababu zao. Waliondolewaje bila vita? Kwa sheria ya zamani zaidi. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold ulitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya serikali. Pori la kuwinda, malisho ya ng'ombe, shamba lililopumzishwa, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa havina mtu. Sehemu zingine maladi ya usingizi ilikuwa sababu ya kuhamisha vijiji, na watu walipotaka kurudi wakakuta mpaka. Kuna mafasi ambapo fidia ilitolewa, lakini malalamiko hayakuisha, yamepita kutoka baba kwenda kwa mtoto mpaka leo.

Mkono uliofunga na mkono uliofungua

Tusifikiri mfalme huyu alifunga Kivu yote kwa kupenda nyani. Miaka ileile milango mingine ilifunguliwa wazi. Mwaka 1923 ilizaliwa kampani ya Minière des Grands Lacs, iliyochimba dhahabu na kasiteriti katika nchi yetu. Mwaka 1928 Comité National du Kivu ilipewa uwezo juu ya ardhi kubwa ya Kivu, ikawagawia wakoloni mashamba ya kahawa na pareto. Katika miaka hiyo Union Minière ilikuja kuandika vijana wa Rwanda na Burundi na kuwapeleka mbali, Katanga. Mwaka 1928 huohuo Albert na Élisabeth walitembelea Kongo, na reli kutoka Bukama mpaka Ilebo ikakamilika, ili shaba ipate njia.

Basi mwananchi wa Kivu alijikuta katikati. Upande mmoja parki: usiingie. Upande mwingine shamba la mzungu: usilime hapa. Upande wa tatu mine: ingia, lakini ufanye kazi kwa bei yetu. Mkono mmoja ulifunga pori, mkono mwingine ulifungua shimo, na yote mawili yalifanywa bila kumuuliza mwenye kukaa pale. Mimi sisemi kwamba Albert alikuwa mtu wa moyo mbaya. Wote wanaosimulia maisha yake wanasema alikuwa mtu wa adabu na wa kazi. Nasema tu kwamba wema wa mtu mmoja aliye mbali hauwezi kuchukua mafasi ya sauti ya watu walio karibu.

Mwaka 1932 alirudi tena Kongo, akafika Kivu na kutembelea parki iliyobeba jina lake. Ilikuwa mara ya mwisho. Tarehe 17 Februari 1934 alikwenda peke yake kupanda jabali huko Marche-les-Dames, karibu na Namur. Jioni hakurudi. Walimtafuta kwa taa, na usiku wakamkuta chini ya jabali, amekufa kwa kuanguka. Alikuwa na miaka 58. Maneno mengi yalizunguka juu ya kifo chake, sawa vile inatokeaka kila mkubwa akifa bila shahidi, lakini jabali linatosha kueleza. Alizikwa Laeken, na mtoto wake Leopold III akachukua kiti.

Sheria ilibaki, jina likaondoka

Mfalme akafa, sheria yake ikaendelea kuzaa. Katika Novemba 1933, miezi michache mbele ya kifo chake, mataifa yalipatana tena London juu ya kulinda wanyama na mimea, na safari hii wazo la parki ya taifa likaingia ndani ya mapatano. Novemba 1934 ikaundwa taasisi ya parki zote za Kongo ya Wabelgiji. Garamba ikafuata mwaka 1938, na Upemba kule Katanga mwaka 1939.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, wazungu wengi walikimbia. Walinzi Wakongomani walibaki, mara nyingi bila mshahara, na parki haikufa. Mwaka 1969 jina Albert likafutwa, tukaanza kusema Virunga, na mwaka huohuo serikali ya Mobutu ikatunga sheria ya kulinda mazingira. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilikuwa imesema utajiri wa udongo ni wa taifa, na ile ya 1973 ikasema ardhi yote ni ya serikali. Unaona? Mwenye mali alibadilika, lakini ule mzizi wa 1885 haukung'olewa. Mwaka 1970 ikawekwa parki ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikapanuliwa kuelekea misitu ya chini, kwenye kasiteriti na koltani. Familia zilitoka pale vilevile kama zile za Rwindi: zilielezwa, hazikuulizwa.

Virunga iliandikwa mwaka 1979 kuwa urithi wa dunia, na tangu 1994 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Hao pia ni wafanyakazi, wako na wajane na mayatima, na mwanasendika hawezi kuwasahau. Na tukubali ukweli: bila ile amri ya 1925, gorila wa milima wasingebaki. Leo wako zaidi ya 1000 katika volkano hizi na kule Bwindi, Uganda. Na miti ya Mikeno ingekuwa imekwisha kuwa makala kabla sisi hatujazaliwa, na mvua na udongo wa mashamba vingeifuata.

Kwa hiyo yule mama nimemjibu namna gani? Nimemwambia: mpaka uliwekwa na mfalme aliyeitwa Albert, katika Bruseli, na babu yako hakuulizwa. Lakini sikuishia hapo. Nimemwambia pia kwamba leo sheria si ile. Kodi ya mine ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kutoa haki ya kuchimba ndani ya sehemu iliyolindwa, na mchimbaji anayeingia mule anapoteza mawe yake na uhuru wake. Hiyo tusidanganyane. Lakini sheria ya 2014 ya kulinda mazingira inataka pia kwamba mbele ya kuweka sehemu mpya iliyolindwa, uchunguzi ufanywe mbele ya watu, na wenyeji wasikilizwe. Na kodi ya mine inaruhusu kutengwa kwa sehemu za wachimbaji wadogo, nje ya parki. Hizo ndizo tunapaswa kudai, ramani mkononi, kijiji kwa kijiji.

Siku wakubwa watakapokuja na ramani mpya, iwe ya parki, ya petroli au ya mine, wasitukute tumekwenda shimoni wote. Mtu mmoja abaki kwenye mkutano, aulize, jina lake liandikwe. Wachimbaji wa Ubelgiji walipata saa 9 juu walisimama mbele ya mfalme kutia sahihi. Wa Rwindi walipata habari kiisha sahihi kukauka. Tofauti ilikuwa hiyo tu.